Kabla Hujakanyaga Pedali kwenye Sonata ya Beethoven

Kwa miaka mingi nilipiga sehemu ya kwanza ya sonata ya Beethoven (utungo wa piano wenye sehemu kadhaa), Opasi 27 namba 2, yaani namba yake katika orodha ya kazi zake, kama wimbo wa maziko: mwendo wa kujikokota, mguu umegandia kwenye pedali inayorefusha sauti. Jina la Sonata ya Mbalamwezi ndilo lililonipoteza. Halikutoka kwa Beethoven. Ilipochapwa Vienna mwaka 1802 yeye aliiita kwa Kiitaliano "quasi una fantasia", yaani mithili ya fantasia, utungo huru usiobanwa na umbo, na hapo hapana mwezi wala huzuni.

Mwanzoni aliandika kwamba kipande chote kipigwe kwa wororo mkubwa na "senza sordino". Maana yake, vile vipande vinavyonyamazisha nyuzi viachwe juu muda wote. Nikatii neno kwa neno kwenye piano ya leo. Nilipata tope, besi (nota za chini) zilipandana, sauti ya juu ikazama.

Nilielewa siku nilipogusa nakala ya piano ya Vienna ya wakati ule. Haina fremu ya chuma. Nyuzi zake ni nyembamba, nyundo zimevikwa ngozi badala ya sufu iliyoshindiliwa, funguo ni za oktavu kama tano tu, na nyuzi huachiwa kwa kusukuma wenzo wa mbao kwa goti. Sauti huzaliwa kali, kisha hufifia upesi. Nilisukuma goti nikaliacha pale pale. Besi iliyotangulia ilikuwa inaondoka wakati ile mpya inaingia, zikagusana kidogo tu. Nilikaa kimya kitambo, kwa kweli nilitokwa na machozi.

Kwa hiyo kwenye piano yako kanyaga pedali nusu, iachie na kuikanyaga upya kwa kuchelewa kidogo baada ya besi mpya, na mkono wa kushoto uwe mwepesi kuliko unavyodhani. Halafu tazama alama ya mapigo: ni mawili kati ya mstari wa wima na mwingine, si manne. Ukiburuza, ile nota ndefu ya juu kwenye piano ya zamani ingekufa kabla ya kuifikia inayofuata. Mwendo na uhai wa sauti ni jambo moja.

Kwa Mozart somo ni jingine. Katika sehemu ya polepole ya sonata yake K. 332 (namba katika orodha ya kazi zake), hati ya mkono wake huirudia melodia ikiwa tupu, ilhali toleo la kwanza, lililochapwa na kampuni ya Artaria mwaka 1784, limeipamba. Basi unaporudia, pamba. Pambo moja au mawili, uyaandike kwa penseli, uyaimbe kwanza.

Tafuta pia toleo la Urtext, linalofuata alichoandika mtunzi bila nyongeza za wahariri. Langu la utotoni lilikuwa na matao (mistari iliyopinda inayounganisha nota) marefu ya mhariri wa karne ya 19, yakimeza matao mafupi ya Mozart. Tao fupi ni kama neno: nota ya kwanza ina uzito, ya mwisho inaachiwa.

Na namba za metronomu, kile kifaa cha kupimia mwendo? Mvumbuzi Mälzel alipata hataza yake mwaka 1815, miaka zaidi ya kumi baada ya Sonata ya Mbalamwezi. Kati ya sonata 32 za Beethoven, ni Opasi 106 pekee aliyoiwekea namba mwenyewe. Toleo lako likiwa na namba kwenye nyingine yoyote, ifunike kwa karatasi wiki nzima, kisha tafuta mwendo kwa kuimba.