Kazi za msimu wa theluji Banff: jibu langu kwa dada aliyeombwa laki mbili na ajenti

Dada wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameuliza hivi: amemaliza diploma ya hoteli, na ajenti mmoja mwenye ofisi katikati ya jiji amemwahidi kazi kwenye hoteli ya mji wa skii (mchezo wa kuteleza kwenye theluji) huko Kanada, Desemba hadi Aprili. Ajenti anataka shilingi laki mbili "za kufungua faili". Dada anataka kujua kama kazi hizo zipo kweli, kama baridi inavumilika, na kama mtu hurudi na chochote mfukoni. Naona wengi mmemjibu "utapeli huo" mkapita. Mimi nilifanya kazi Banff, jimbo la Alberta, majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu.

Dadangu, kazi zipo, tena nyingi. Banff ni mji mdogo ulio ndani ya hifadhi ya taifa, katikati ya milima ya Rocky, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Calgary. Viwanja vitatu vya skii vinauzunguka: Norquay, ambao uko juu ya mji tu, Sunshine Village, na Lake Louise ulio mbali kidogo. Theluji ikianza kushika, hoteli, mikahawa, maduka ya kukodisha vifaa na waendesha lifti za viti zinazopandisha watu mlimani wote wanatafuta watu. Wengi wanaokuja ni Waaustralia, Waingereza, Wajapani, Wafilipino na vijana wa Quebec. Waaustralia na wengine kadhaa huingia kwa mpango maalumu wa vijana ambao serikali zao zimetiliana saini na Kanada. Kenya haimo kwenye mpango huo. Hapo ndipo ajenti anapopatia nafasi. Anakuonyesha tangazo la kweli la hoteli ya kweli, ila hakuambii kwamba njia inayotumiwa na waombaji wengi wa tangazo hilo pasipoti yako haiijui.

Sisi tunabaki na njia mbili za maana. Ya kwanza, mwajiri mwenyewe akuombee kwa kupitia tathmini ya soko la ajira, ile inayoitwa LMIA, inayothibitisha kwamba hakupatikana mtu wa Kanada wa kuijaza nafasi hiyo. Analipa dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na sheria inamkataza kukutoza wewe gharama hiyo. Ya pili, uwe tayari uko Kanada na kibali cha wazi, yaani cha kazi kisichokufunga kwa mwajiri mmoja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Calgary na nina kibali cha namna hiyo, kile cha baada ya masomo. Masharti ya kibali hicho yalikazwa mwezi wa Novemba 2024, na siku hizi fani uliyosomea inaangaliwa, kwa hiyo usije ukajiandikisha chuo kwa kufuata njia yangu kichwa kichwa.

Kuhusu hizo laki mbili: huko Alberta wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi hata senti kwa kumtafutia kazi. Kibali chenyewe kinalipiwa kwa serikali ya Kanada, dola 155, na alama za vidole dola 85. Piga hesabu, haifiki elfu ishirini na tano za kwetu. Mwombe ajenti vitu vitatu kwa maandishi: jina la mwajiri, nambari ya LMIA, na barua ya ofa inayotaja mshahara kwa saa. Halafu litafute jina la ofisi yake kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Akianza kukuambia "wewe lete kwanza nusu", chukua vyeti vyako uondoke.

Sasa tuje kwenye maisha yenyewe, maana hata aliye na karatasi safi huenda asijue anachoingia.

Watu wote huuliza kuhusu baridi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu chumba. Banff hauruhusiwi kuhamia tu kwa sababu umeupenda. Kwa kuwa ni mji ndani ya hifadhi, sheria inataka anayeishi pale awe na sababu ya kuishi pale, kama vile kazi au biashara mjini. Nafasi ya kujenga nayo ina mipaka. Kwa hiyo nyumba ni chache, na zilizopo ni ghali kupita kiasi. Waajiri wengi wakubwa wana nyumba za wafanyakazi, na kodi inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kazi isiyo na chumba, hata ikilipa vizuri, iache. Niliwaona vijana waliofika Novemba na ofa nono lakini bila chumba, wakalala hosteli hadi hela zikaisha, wakarudi Calgary kabla ya Krismasi.

Chumba changu kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja linalotazama ukuta, na jiko la kushiriki na ukumbi mzima. Mwenzangu alikuwa Mfilipino aliyefanya kazi jikoni usiku, kwa hiyo tulikuwa tunakutana mlangoni, mmoja anavua buti, mwingine anavaa. Tuliishi kwa amani kwa sababu hiyo hasa. Ukipewa ofa, uliza: chumba ni cha watu wangapi, kodi ni kiasi gani kwa kila malipo, jiko lipo au mnalishwa, na kazi ikiisha ghafla unapewa siku ngapi za kuhama. Hilo la mwisho usiliruke, kwa sababu pale ukipoteza kazi unapoteza na kitanda.

Kazi yenyewe: nilikuwa usafi wa vyumba. Wewe uliyesoma hoteli utadhani unaijua. Utandikaji ni uleule, lakini mgeni wa skii ni mgeni wa namna yake. Anarudi saa kumi jioni akiwa ameloa, familia nzima. Unafungua mlango asubuhi unakuta buti tano zimepangwa juu ya kipasha joto, taulo zote zimetandazwa sakafuni kupokea maji, glavu zinaning'inia kwenye taa, na kokoto za barabarani zimejikita kwenye zulia la mlangoni kiasi kwamba mashine ya kufyonza vumbi inazitema tena. Kuna chokoleti ya moto kwenye duveti nyeupe. Hiyo duveti inabadilishwa yote, siyo foronya tu, na dakika hizo hakuna anayekuongezea. Msimamizi anapita nyuma yako, anainama, anatazama beseni la kuogea kutoka upande ili mwanga uonyeshe unywele mmoja uliobaki. Mgongo unauma wiki za kwanza, baadaye unazoea. Bakshishi huachwa mezani, mara nyingi siku ya kuondoka, na ni ya aliyesafisha siku hiyo, hata kama wiki nzima alisafisha mwingine. Mizozo niliyoiona kati ya wafanyakazi ilianzia hapo zaidi kuliko kwenye jambo lingine lolote.

Nikupe na hesabu, maana ajenti atakupa ya Desemba peke yake. Nilikuwa nalipwa dola 18 kwa saa (kima cha chini Alberta ni 15 tangu 2018). Krismasi na mwaka mpya hoteli inajaa, unafanya saa arobaini na zaidi. Kwa wiki nne ni kama dola 2,900. Toa kodi ya serikali, pensheni na bima ya kukosa kazi, inabaki 2,400 hivi. Toa chumba 600 na chakula 400, unabaki na 1,400. Dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa shilingi mia na ushei wakati huo, sasa ni tisini na kitu, kwa hiyo unaona inavutia. Lakini Januari wageni wanarudi makwao. Ratiba inabandikwa ukutani unakuta umepewa siku tatu. Ukifanya saa ishirini na nne kwa wiki, baada ya makato na kodi ya chumba, ambayo haipungui hata senti, na chakula, unabaki na dola mia tano hivi kwa mwezi mzima. Februari inapanda tena, hasa wiki ya sikukuu ya Family Day, Machi inaendelea vizuri na likizo za shule, Aprili inaanza kuyeyuka pamoja na theluji. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri ni "mnanihakikishia saa ngapi kwa wiki mwezi wa Januari?" Mwenye nia njema atakujibu kwa nambari. Na usiondoke bila kuwasilisha hesabu za kodi, mwisho ni tarehe 30 Aprili. Mtu wa msimu mara nyingi hurudishiwa kitu.

Baridi sasa. Kwanza, mwinuko usikutie hofu. Banff uko mita 1,383 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi imeupita kwa mita mia kadhaa. Pumzi unazo tayari. Siku nyingi ilikuwa kati ya sifuri na kumi na tano chini ya sifuri, na hiyo, ukiwa umevaa, ni baridi ya kutembea ukipiga stori. Halafu kuna zile siku nyingine. Katikati ya Januari 2024 Alberta nzima iliganda, baadhi ya maeneo yakashuka chini ya arobaini hasi. Jumamosi ya tarehe 13 jioni simu zote za ukumbini zililia kwa pamoja: serikali ya jimbo inaomba watu wazime taa na vifaa wasivyohitaji kwa sababu umeme unakaribia kuelemewa. Sisi Wakenya tumezoea umeme upotee bila salamu, kuombwa kwa adabu kulinichekesha. Siku hizo vinyweleo vya pua vinaganda ukivuta hewa, na simu yenye chaji nusu inazimika mkononi. Na kazini inakuwa mbaya kwa sababu usiyoitarajia: wageni hawatoki vyumbani, kwa hiyo husafishi mpaka mchana, halafu vyote vinataka kusafishwa kwa mara moja.

Mavazi ni tabaka. Linalogusa ngozi lisiwe pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho haikauki, na ukitoka nje jasho hilo linakugandia mgongoni. Tafuta sufu au poliesta nyembamba. Jinzi ziache Nairobi. Jaketi lipate soko la mitumba la Gikomba. Yale mazito wanayovaa watu wa bodaboda alfajiri, mengi yalishonwa kwa ajili ya milima kama ile. Kagua ndani kiunoni, ukikuta kile kisketi chenye mpira wa kuvuta, hicho ni cha kuzuia theluji isipande, usimruhusu fundi akikate. Buti nunua kule, kwa sababu soli ya kawaida inakuwa ngumu na kuteleza. Beba boshori mbili, zile kofia za baridi, na mafuta ya mgando ya kutosha: hewa ni kavu mno, midomo inapasuka, pua inaweza kutoka damu, na kila ukishika kitasa cha mlango unapigwa shoti ndogo.

Kilichonielemea kuliko baridi ni giza na saa. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Nairobi iko mbele kwa saa kumi, kwa hiyo ukimaliza zamu saa kumi jioni, kwetu ni saa nane usiku, watu wamelala. Nilijifunza kumpigia mama saa moja asubuhi kabla ya kazi, kwake ni saa kumi na moja jioni, anapika. Unga wa ugali utaupata Calgary kwenye maduka ya Waafrika, ukienda nunua wa msimu mzima. Sukuma wiki ipo hata Banff, inauzwa kwa vifurushi vidogo kama dawa. Ukiona paa wakubwa wale, elki, wanakula majani mbele ya posta, usiwakaribie kwa ajili ya picha. Sheria ya hifadhi ni mita thelathini, na wanarusha teke.

Mwishoni uliuliza kwa mzaha kama nawe utateleza. Utateleza. Waajiri wengi hutoa pasi ya msimu ya kupanda lifti au punguzo kubwa, na mara nyingine masomo ya bure kwa wafanyakazi wapya. Wenzako wakisikia unatoka Kenya watakuuliza kuhusu marathoni. Waambie kuhusu Philip Boit, aliyeshindana kwenye skii Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho kwenye kilomita kumi, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Mimi stori hiyo ilinipatia mwalimu wa bure, Mwaustralia wa kwenye lifti. Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumanne, hakuna foleni, na watoto wa miaka minne walikuwa wananipita wakicheka. Alinifundisha kusogeza ncha za mbele za skii zikaribiane ili kupunguza mwendo, na kuanguka kwa ubavu badala ya kukaa chini. Vifaa kodi mjini, siyo mlimani, ni nafuu. Na buti zikikubana ugokoni zibadilishe palepale dukani, kwa sababu Sunshine ukishapanda gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kurudi chini kubadilisha kunakula nusu ya siku yako ya mapumziko.