Kitabu cha kuanzia kwa mwenye hasira za haraka
Kwa kuwa umeuliza ni kitabu gani kinamfaa mtu anayekasirika upesi na kujuta baadaye, ningekushauri uanze na Enchiridion, kijitabu cha mafundisho ya Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa, kilichokusanywa na mwanafunzi wake Arrian. Kinaanza kwa kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu, kama maoni na matamanio yetu, na yasiyo katika uwezo wetu, kama mali na sifa tunazopewa na watu. Soma fungu moja tu asubuhi, ulitafakari hadi jioni. Mimi kimenisaidia hasa ninapopokea ujumbe wa kuudhi: siku hizi naiweka simu kifudifudi, navuta pumzi, najiuliza kama kilichoniumiza ni maneno yenyewe au ni tafsiri niliyoyapa, na mara nyingi jibu nililokwisha kuliandika hulifuta. Ukitaka kuelewa kwa nini akili hukimbilia kuhukumu, mwanasaikolojia Daniel Kahneman alilieleza vizuri katika kitabu chake Thinking, Fast and Slow, kilichotoka mwaka 2011, ingawa ni kinene na hakifundishi utulivu moja kwa moja. Ikiwa hasira zinakufikisha pa kuumiza watu, tafadhali muone pia mshauri nasaha.