Kinyonga aliyeumia ulimi: maji kwanza, chakula baadaye

SWALI: Nina kinyonga dume wa Yemen, yule mwenye kishungi cha mfupa kichwani, uzito gramu 140. Siku nne zilizopita alirusha ulimi kumkamata panzi aliyekuwa ameng'ang'ania wavu wa kizimba. Tangu hapo ncha ya ulimi inaning'inia nje kama sentimita mbili na hajala kitu. Nikimlisha kwa nguvu anatema. Je, atakufa njaa? – *Msomaji, Muscat*

JIBU: Njaa si ya kuhofiwa leo. Kinyonga mzima mwenye mwili mzuri huvumilia wiki moja bila chakula, mradi anapata maji na joto. Cha kuhofiwa ni huo ulimi unaokauka nje. Ukiwa wa waridi na unyevu, bado una uhai. Ukiwa wa kijivu au mweusi, nyama imekufa na itaoza ikiwa bado imeunganishwa na koo. Kwa hiyo daktari wa wanyama anayejua reptilia amwone leo au kesho, si wiki ijayo.

Ndani ya ulimi wake mna kijiti kigumu kilichozungukwa na msuli wa kurusha, na nyuma kuna msuli mwingine mrefu unaourudisha mdomoni. Mdudu akishika wavu asiachie, huo wa kurudisha ndio unaovutika kupita kiasi au kuchanika. Ndiyo maana ulimi umetoka vizuri lakini haurudi. Usiuvute, na usiusukume ndani kwa kidole, maana utajikunja vibaya na yeye mwenyewe atauuma.

Mpaka ufike kwa daktari, chemsha maji, yaache yapoe, kisha weka gramu 9 za chumvi katika kila lita. Dondoshea maji hayo juu ya ulimi kila baada ya dakika chache, na njiani ufunike kwa kipande cha shashi kilicholoweshwa. Mweke kwenye chombo kisicho na matawi membamba wala wavu, asije akaukwamisha tena. Na kwa kuwa uko Muscat: kizimba kisipigwe na upepo wa kiyoyozi. Upepo ule hukausha ulimi, na pia humpoza mnyama.

Hapo kwenye kupoa ndipo wengi wanapokosea katika kulisha. Tumbo la kinyonga hufanya kazi kwa joto la nje tu. Ukimjaza chakula akiwa baridi au amekaukiwa maji, chakula huchachia tumboni, naye hutema au hudhoofika zaidi. Kutema kwake huenda kukawa ndiyo sababu hii, mbali na maumivu. Kwa saa 24 za kwanza mpe joto na maji tu. Chini ya taa pawe na nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, taa iwe mbali ya kutosha asiiguse, na upande wa pili wa kizimba uwe baridi zaidi ili aweze kuhama.

Maji: mililita 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za uzito, yaani kwake 2 hivi kwa siku, kwa vipindi vitatu. Tumia bomba la sindano la mililita moja, bila sindano yenyewe. Dondosha tone moja pembeni mwa mdomo, ngoja ameze, ndipo tone la pili. Tundu la pumzi liko kwenye sakafu ya mdomo, hapo kwenye shina la ulimi. Maji yakimiminwa katikati huingia mapafuni. Kichwa kiwe juu, usimlaze chali hata kidogo. Macho yaliyozama na sehemu nyeupe ya kinyesi kugeuka rangi ya machungwa ni dalili za kukaukiwa. Zikitoweka, anza chakula.

Chakula kizuri ni unga wa kuwauguza wanyama walao nyama, unaouzwa na madaktari wa wanyama, ukikorogwa uwe mwepesi kupita kwenye bomba. Anza na mililita 1 mara moja kwa siku, kisha panda taratibu hadi 2. Usimpe maziwa wala uji. Ukikosa unga huo, mpasue mdudu laini, kama kiwavi wa hariri, umpakaze mdomoni. Vinyonga wengi huanza kulamba.

Kuhusu kufungua mdomo, tumia hasira yake. Anapokutishia kwa kupanua mdomo, mweke mdudu nyuma ya taya, pembeni, mbali na ulimi, umwachie atafune. Asipopanua, gusa ukingo wa taya kwa kadi laini ya plastiki. Kamwe usitumie chuma, kwani hujeruhi fizi na taya huanza kuoza.

Daktari akiukata ulimi, usikate tamaa. Vinyonga wengi hujifunza kunyakua chakula kwa taya. Mpe wadudu kwenye kikombe kirefu kisichopitisha mwanga, au kwa kibano cha plastiki mbele ya mdomo. Ulimi ukirudi ndani bila kukatwa, asilengeshwe mbali kwa wiki mbili tatu, chakula chote kitoke kikombeni. Mpime kwa mizani ya jikoni kila asubuhi. Akipungua zaidi ya asilimia kumi ya uzito wake, mrudishe kwa daktari.

Mwombe pia aangalie kalsiamu. Ulimi unaorushwa mfupi au kwa ulegevu mara nyingi hutokana na upungufu wake, na huo nao huja taa ya UVB (ya miale ya urujuanimno, inayomsaidia kinyonga kutumia kalsiamu) inapochakaa. Taa hiyo huzeeka kabla ya kuzima, na mwanga wa dirishani hautoshi, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika. Vitamini A usimpe mwenyewe kwa kukisia, kwani ikizidi ni sumu.

SWALI: Paka wetu amemjeruhi kinyonga wa pembe tatu kwenye bustani. Ana vitundu viwili vidogo mgongoni, anatembea. Nimpe nini ale? – *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Usimpe chakula. Vitundu vya meno ya paka huonekana vidogo, lakini mate yake yameingiza vijidudu ndani, na ngozi hujifunga juu ya usaha. Anahitaji antibiotiki kutoka kwa daktari ndani ya siku hiyohiyo, hata kama anatembea. Safisha kwa maji ya chumvi tuliyoyataja, kisha povidoni (dawa ya iodini ya kuua vijidudu) iliyozimuliwa hadi iwe na rangi ya chai hafifu. Usipake marhamu yenye dawa ya ganzi. Huyu ni wa milimani, hivyo asichomwe na taa kali: nyuzi 26 zinamtosha mchana, na baridi ya usiku anaipenda. Akiwa jike mwenye tumbo kubwa, mwambie daktari, kwani aina hii huzaa watoto hai.

Kumbuka pia kwamba ni mnyamapori. Kumweka nyumbani bila kibali ni kosa nchini Kenya, kwa hiyo wajulishe KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Akipona arudishwe bustani ileile, na arudishwe tu baada ya kupanda tawi wima na kupiga ulimi bila kukosa. Paka afungiwe ndani siku hizo.

SWALI: Kidonda cha mguu cha kinyonga wangu kinakua badala ya kupona, na kila asubuhi naona nyama mpya. – *Msomaji, Toronto*

JIBU: Angalia nyenje uliowaacha kizimbani usiku. Wakikosa chakula humtafuna kinyonga aliyelala, hasa penye kidonda. Waondoe wote kabla ya kuzima taa, na ukishindwa kumpata mmoja, mwachie kipande cha karoti sakafuni.