Klasi ipo kwenye jar, mbona JMeter haioni?

Wadogo zangu mnaoanza kuandika plagini za JMeter, zana ya kupima mifumo inavyohimili mzigo, nilishapoteza siku mbili nzima hapa Tabora nikitafuta klasi (kipande cha programu ya Java) ambayo haikuwa imepotea.

Tulikuwa tunapima mfumo wa malipo ya wakulima wa tumbaku kabla masoko hayajafunguliwa. Kwenye kompyuta yangu plagini ilienda vizuri. Tulipoihamishia kwenye seva, logi ikajaa NoClassDefFoundError, kosa ambalo jina lake hudai klasi haikupatikana, mamia kwa mamia. Nikanakili jar, yaani faili linalobeba klasi za plagini, upya. Nikaijenga upya, nikanakili tena. Nikabadili toleo la Java. Wapi! Jioni ya pili mwenzangu akaniuliza, "Kaka, kosa la kwanza kabisa linasemaje?" Nikapandisha logi hadi juu. Palikuwa na ExceptionInInitializerError moja tu, na chini yake sababu: faili la mipangilio ambalo klasi yangu ililisoma ndani ya bloku ya static (msimbo ambao Java huuendesha inapoiandaa klasi) halikuwepo kwenye seva.

Java huiandaa klasi mara moja. Ikishindwa, huihesabu kuwa mbovu, na kila anayeiomba baada ya hapo hupata NoClassDefFoundError yenye maneno "Could not initialize class". Maneno hayo yana maana kwamba klasi imeonekana, ila imekwama kuanza. Mimi nilisoma jina la kosa, maneno ya mbele nikayaruka.

ClassNotFoundException ni jambo jingine. Klasi imeombwa kwa jina na haikupatikana, na mara nyingi jar haipo mahali pake. Plagini inakaa lib/ext, maktaba inazozitegemea zinakaa lib, kisha JMeter izimwe na kuwashwa upya. Ukiandika fanksheni, jina kamili la klasi liwe na .functions. ndani yake, la sivyo JMeter huiruka kimya kimya, bila kosa lolote la kukuongoza.

UnsupportedClassVersionError, yaani klasi imejengwa kwa Java mpya kuliko inayoiendesha, ni rahisi, soma namba tu: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17.

Ya kuogopa ni NoSuchMethodError. Klasi imepatikana, lakini ni ya toleo lingine lisilo na methodi inayoitwa, mara nyingi kwa kuwa maktaba moja imeingia mara mbili. JMeter huja na maktaba zake nyingi, kwa hiyo msizifunge tena ndani ya jar zenu. Kwenye Maven, zana ya kujenga miradi ya Java, ApacheJMeter_core iwe provided, yaani itumike kujengea tu bila kufungwa ndani ya jar. Mkitaka kujua klasi imetoka jar ipi, wekeni -verbose:class kwenye JVM_ARGS (kigeu cha mazingira ambacho JMeter huchukua chaguo za Java), Java yenyewe itawatajia.

Zipo pia zana zinazoipa kila plagini kipakiaji chake (classloader, sehemu ya Java inayopakia klasi), kama Jenkins, zana ya kujenga na kujaribu programu kiotomatiki. Huko mtakutana na ClassCastException inayodai klasi haiwezi kugeuzwa kuwa klasi ya jina hilohilo. Java huitambua klasi kwa jina pamoja na kipakiaji chake. Juma aliyepanda treni ya Mwanza na Juma aliyepanda ya Kigoma, wote kutoka stesheni yetu, ni watu wawili.

Mkipima kwa mashine kadhaa, nakilini jar na mafaili yake kwenye kila mashine. Mimi sasa mipangilio naisoma ndani ya setupTest, methodi ambayo JMeter huiita kabla ya kuanza kupima, na faili likikosekana narusha kosa linalotaja jina lake na folda lilipotakiwa kuwa.