Tangi la matumbawe nyumbani: kwanza pooza maji

Orodha nyingi za vifaa zimeandikwa kwa nchi za baridi, ndiyo maana hita huwekwa juu kabisa. Hapa Unguja kazi yetu ni kupooza. Matumbawe hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 27; kaskazi ikivuma chumba chenyewe huzidi 30, na pampu na taa huongeza joto lake. Maji yakikaa moto siku kadhaa, matumbawe hutoa vimwani vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yanageuka meupe, na mengi hufa.

Ondoa mfuniko, weka feni ndogo ipulize juu ya maji: utashusha nyuzi 2 au 3. Lakini maji yatapungua upesi. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 hubakiwa na lita 150 hivi ukishatia mawe na mchanga. Likipoteza lita 4 kwa siku bila kujazwa, siku ya tatu chumvi itakuwa imepanda kutoka gramu 35 hadi 38 kwa lita. Kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo fidia kila siku kwa maji yasiyo na chumvi, tena ya mtambo wa RO (unaosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na madini), kwani ya bomba letu yamepita kwenye mawe ya chokaa. Pima chumvi kwa refraktomita, kifaa kinachosoma kiwango chake kwa tone la maji. Siku za unyevu mwingi feni hushindwa, na mashine ya kupoozea maji ndiyo inayofaa. Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu cha ghali, nunua hiyo kabla ya taa za kupendeza.

Umeme ukikatika, hewa ndani ya maji huisha haraka, hasa maji yakiwa ya moto. Pampu ya mzunguko ya wati 10 inayotumia volti 12 huenda saa 30 kwa betri ya Ah (ampea-saa) 50 bila kuimaliza zaidi ya nusu. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, basi paneli ndogo ya jua si anasa.

Maji ya bahari tunayo, ila usichote bandarini Malindi wala karibu na mtaro wowote, wala baada ya mvua kubwa. Chota mbali na pwani, maji yakiwa yamejaa, kwa madumu ambayo hayakuwahi kutiwa mafuta wala sabuni, kisha chuja kwa kitambaa kizito.

Mawe: usivunje mwamba baharini. Jiwe la matumbawe la nchi kavu, lile la kujengea, linatosha. Chagua lenye matundu mengi, lisiloguswa na saruji wala rangi. Sugua udongo mwekundu wote ndani ya matundu, maana ukibaki utalisha mwani mbaya miezi mingi. Kilo 15 zinatosha.

Meza iwe ya mbao, chuma huliwa na chumvi, na ibebe zaidi ya kilo 200. Hakikisha imelala sawa kwa pima maji ya fundi. Waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yasiingie.

Kabla ya kutia samaki yeyote, tia chakula kidogo cha samaki kioze, upime amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uozo huo. Zitapanda, kisha zitashuka hadi sifuri, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Samaki akitiwa kabla ya hapo huungua matamvua. Zikifika sifuri, tia samaki mmoja mdogo, subiri wiki mbili, upime tena ndipo umtie mwengine. Matumbawe laini yafuate, vipande vilivyokuzwa na wafugaji na vyenye hati.