Bastola ya Colt aliyoiacha baba mkwe: spea zake zipo?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni Mtanzania, naishi Pennsylvania na nina ukaazi wa kudumu. Baba mkwe wangu, Mmarekani, alifariki mwaka jana akamwachia mume wangu bastola ndogo nyeusi iliyokuwa ya babu yao. Ubavuni imeandikwa Colt, Hartford, na "Calibre 32 Rimless Smokeless". Namba yake ina tarakimu sita, inaanzia na 24. Haina magazini (kikasha cha risasi), kibao kimoja cha mpini kimepasuka, na slaidi ukiivuta inarudi kwa uvivu. Mume wangu angependa kuifufua, ikiwezekana aipige hata mara moja tu uwanjani. Dukani tumeambiwa spea hazipo tena. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Si kweli. Bastola yenu ni Colt Model 1903 ya .32 (hicho ni kipimo cha risasi yake). Colt walitengeneza zaidi ya nusu milioni ya hizo, na jeshi la Marekani liliwapa majenerali wake. Spea zipo, ila lazima ujue unachokitafuta, na hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa.

Lakini kabla ya spea, niwaeleze wasiwasi wangu mmoja. Bastola hii haionyeshi nyundo, lakini nyundo imo, imefichwa ndani ya slaidi, kwa hiyo kwa kuitazama nje huwezi kujua kama imekokiwa. Tena ya kwenu ni ya toleo la tatu, ambalo halina kizuizi cha magazini. Maana yake, hata bila magazini, risasi iliyosahaulika chemba, yaani pale inapokaa tayari kupigwa, italia. Mume wako aelekeze mtutu mahali salama, avute slaidi hadi mwisho, aichungulie chemba kwenye mwanga, kisha aipapase kwa ncha ya kidole. Nawasihi mfanye hivyo kila mnapoishika, hata kama mliikagua jana.

Sasa hiyo namba. Colt Model 1903 ya .32 ina matoleo kadhaa. La kwanza lina mtutu wa inchi 4, la pili lilifupishwa hadi inchi 3¾, na yote mawili yana bushi, yaani pete ya chuma, mbele ya mtutu. Kuanzia namba 105,051 bushi iliondolewa, na hilo ndilo toleo la tatu, linalofika 468,096. Namba inayoanzia na 24 iko katikati ya hapo. Mkiuziwa slaidi au mtutu wenye bushi, rudisheni, si wenu. Ukimwandikia muuzaji usiseme "Colt 1903" ukaishia hapo, kwa sababu Colt walikuwa na bastola nyingine ya 1903, ya .38, yenye nyundo ya nje, na vipuri vyake ni tofauti kabisa. Andika: Pocket Hammerless, .32, toleo la tatu.

Slaidi kurudi kwa uvivu, nadhani ni uchafu kabla ya kuwa springi. Bastola iliyolala kwenye droo miaka mingi, mafuta yake hugeuka gundi ya rangi ya asali, na nimewahi kuyakwangua kwa kijiti cha mwanzi yakatoka kama utando. Ubavuni kulia pa slaidi kuna alama ndogo. Slaidi huvutwa nyuma hadi alama hiyo ilingane na ukingo wa mbele wa bodi (kiunzi cha chini chenye mpini), halafu mtutu unazungushwa, na slaidi inatoka kwa mbele. Springi ya kurudisha slaidi iko chini ya mtutu. Isafisheni, mpake mafuta kidogo, muirudishe. Mwishie hapo. Sehemu za nyundo na kifyatulio zilizo nyuma, waachieni fundi.

Hata ikianza kwenda vizuri, badilisheni springi hiyo. Ni kitu pekee ninachopenda kiwe kipya, kwani chuma cha springi huchoka. Wolff wanaitengeneza mpaka leo, na wako hapo hapo Pennsylvania. Sehemu nyingine ndogo, kama pini ya kufyatulia, tafuteni za zamani za Colt wenyewe. Numrich, kule New York, huuza vipuri vilivyotolewa kwenye bastola zilizovunjwa.

Magazini ndiyo iliyoniumiza mimi. Niliwahi kununua moja kwenye maonyesho ya silaha, muuzaji akiapa ni ya .32. Iliingia mpinini bila shida, lakini risasi zikawa zinacheza ndani. Nilipobandua kibandiko cha bei kwenye kitako chake, chini yake pakaonekana chapa ya .380. Bastola ndugu ya hii, Model 1908 ya .380, ina umbo lile lile. Ya .32 hubeba risasi 8, ya .380 hubeba 7. Someni kitako, kisha mtazame midomo ya juu: ikiwa imepinda au ina ufa, risasi haitapanda sawasawa. Triple K wanatengeneza mpya, na kwa kupigia uwanjani inatosha.

Kibao cha mpini cha enzi hiyo ni cha mpira mgumu. Usikitie kwenye maji moto wala kukianika juani, kitageuka kahawia. Ufa unaweza kuunganishwa kwa ndani. Fungeni vibao vya kuiga kwa matumizi, vya babu mvifunge kwenye kitambaa mvihifadhi, na mkikaza skrubu msilazimishe. Na tafadhali, asije mtu akaipiga msasa au kuipaka rangi upya. Weusi uliochakaa pale mkono ulipokuwa ukishika ni wa babu mwenyewe.

Kisheria, bodi yenye namba ndiyo silaha. Springi, magazini na vibao huletwa kwa posta kama kifurushi kingine, ila majimbo mengine yana masharti yake. Sheria ya shirikisho inaruhusu kurithi hata kutoka jimbo jingine, na mwenye ukaazi wa kudumu hazuiliwi. Ndugu aliyekuja kwa viza ya masomo au matembezi ni jambo tofauti, kwa kawaida sheria inamkataza hata kuwa nayo. Na msithubutu kutia hata spea moja kwenye sanduku la kwenda Tanzania, maana kuvitoa Marekani kuna vibali vyake, na kuviingiza nyumbani kuna vyake pia.

Kabla ya kupiga, fundi aipime mtutu, pini na kitoa ganda. Mkipata magazini, nipigie picha ya kitako chake kabla hujalipa. Namba kamili ya bastola usinitumie, tarakimu mbili za mwanzo zinanitosha.