Dume mnono aliyekufa alfajiri: ushauri kwa mnaolea watoto wa minki

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Bukoba ambaye sasa anafanya kazi katika shamba la minki huko Pohjanmaa, magharibi mwa Ufini. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alieleza shida yake kwa sentensi tatu: madume wadogo wanne wamekufa ndani ya siku sita, wote walikuwa wanene kuliko ndugu zao, na wawili kati yao walikutwa wamelowa manyoya ya tumboni, wakinuka mkojo. Mwenye shamba amempa wiki moja aeleze anakosea wapi. Nilikuwa jikoni nilipousoma ujumbe huo, na ilinibidi nizime jiko nikae, kwa kuwa maneno yale yangeweza kuwa yangu mwenyewe ya Julai 2017.

Kwa wasomaji wachache wasiomjua mnyama huyu, minki ni wa ukoo mmoja na fisi maji, nyegere na kicheche, na hufugwa kwa ajili ya ngozi yake. Huzaliwa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei akiwa na uzito wa gramu 10 hivi, na ifikapo Novemba dume aliyelishwa vizuri huzidi kilo 3. Mwili unaokua kwa kasi ya namna hiyo hausamehe uzembe, hata wa siku mbili.

Nilifika Jutland kaskazini, nchini Denmark, nikiwa na stashahada ya mifugo na kichwa kilichojaa majivuno. Nimezaliwa Kongwa. Nimekua nikiwasindikiza ng'ombe wa baba kwenda kisimani, na niliamini kwamba hakuna mnyama atakayenishinda kumsoma. Kazi yangu ilikuwa ileile mnayoifanya wengi wenu mnaonifuatilia hapa: kugawa uji wa chakula juu ya waya wa vizimba, kuweka majani makavu katika visanduku vya kulalia, kukagua maji, kutoa mizoga na kuandika idadi. Kama ninyi, sikuja kugawa uji maisha yangu yote. Nilitaka kuwa msimamizi. Habari za kupandisha mwezi wa Machi na za uzazi sitawachosha nazo, maana msimu ule ulikwenda salama hadi vitoto vilipoachishwa kunyonya.

Dume wa kwanza alikufa siku ya joto, nami nikaandika kwenye daftari kwamba ameuawa na joto. Wa pili nilimwona angali hai. Ilikuwa jioni, baada ya kugawa chakula, na alikuwa ameinama katika pembe ya kizimba, mgongo umekunjika kama upinde, akijikaza, akipumzika, kisha akijikaza tena. Tone moja lenye rangi ya damu lilidondoka kwenye waya likaning'inia hapo. Nililiona kwa macho yangu. Nikasema moyoni kwamba amefunga choo, nikaenda kula. Alfajiri nilimkuta amekauka, naye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko ndugu zake wote katika kizimba kile. Hadi leo lile tone linanijia nikiwa nimelala.

Mzoga wa tano ndio uliomleta daktari wa mifugo. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye buti za mpira na mkasi mdogo ndani ya kisanduku cha miwani. Aligeuza ndoo ya chakula chini juu, akamlaza yule dume chali na kumpasua hapohapo kati ya mabanda. Kibofu kilichomoza chenyewe, kimevimba kufikia ukubwa wa ndimu ndogo, chekundu cheusi kama ini. Alipokipasua, mkojo wenye damu ulimwagika, na mkasi ukasikika ukikwaruza. Ndani mlikuwa na mchanga, na katikati ya mchanga vijiwe vyeupe vinavyoelekea umanjano, mfano wa chenga za mchele. Akanishika kidole, akanisugulia ule mchanga kwenye ncha yake. Halafu akafuatisha mrija wa mkojo kwa ncha ya mkasi hadi pale unapopita kando ya mfupa wa uume, maana dume wa minki ana mfupa hapo, akanionyesha kijiwe kimoja kilichokwama kama kizibo. Jike naye huugua kibofu, hasa akiwa na mimba, lakini mrija wake ni mfupi na mpana zaidi, kwa hiyo vijiwe hupata njia. Dume mdogo hana njia.

Alinieleza sababu kwa maneno ambayo nimeyarudia mara nyingi tangu siku ile. Bakteria huingia kwenye kibofu kupitia njia ya mkojo, na wanaosumbua zaidi katika mawe ya aina hii ni baadhi ya stafilokoki na proteusi, ambao wana kimeng'enya cha kuvunja yurea iliyomo katika mkojo. Mkulima yeyote aliyewahi kufungua mfuko wa mbolea ya urea uliopata unyevu anaijua ile harufu ya amonia inayochoma pua. Jambo hilohilo hutokea ndani ya kibofu. Amonia hupunguza asidi ya mkojo, na asidi ikishapungua, magneziamu na fosfati zilizotoka katika chakula huungana na amonia hiyo na kugeuka mawe yanayoitwa struviti. Chakula chenye mifupa mingi huleta madini hayo kwa wingi. Kiu nayo huufanya mkojo kuwa mzito na kukaa muda mrefu kibofuni, na bakteria hawana wanachokipenda zaidi ya hapo. Ukiniuliza ni kwa nini anakufa yule mnono, jibu ni kwamba yeye ndiye anayekula kuliko wengine, na mwenye kula sana asipokunywa sana hujitengenezea mawe.

Baada ya hapo daktari alitembea hadi mwisho wa safu, mahali ambapo vile vizimba vya vifo vilikuwa vimefuatana, akabonyeza kwa kidole chuchu ya maji, yaani kile kijibomba cha kizimbani ambacho mnyama hukibonyeza kwa mdomo ili anywe. Haikutoa kitu. Akabonyeza ya pili, ikatoa tone. Ya tatu ilikuwa imefungwa kwa utelezi wa kijani. Mimi nilikuwa nikikagua maji kila siku, na daftari langu lilikuwa na alama ya vyema kila siku, ila nilizoea kubonyeza chuchu tano za mwanzo, karibu na mlango, na kuchukulia kwamba zilizobaki zinafanana nazo. Zaidi ya hayo, chuchu zile zilikuwa zimepangwa kwa kimo cha mama zao, na wale wadogo walikuwa wakizifikia kwa taabu.

Mwenye shamba hakunipigia kelele. Aliniuliza kwa Kiingereza cha polepole, mbele ya vijana wawili kutoka Romania, kama kule kwetu wanyama hupewa maji. Niliyetembea na ng'ombe tangu kukiwa giza ili wafike kisimani kabla ya jua kali, mimi ndiye niliyeulizwa swali hilo. Sikujibu, kwa sababu kosa lilikuwa langu kweli, na swali nalo lilikuwa la dharau kweli, na mambo hayo mawili sijaweza kuyatenganisha hadi sasa.

Matibabu yenyewe hayana hadithi ndefu. Sampuli ya mkojo ilipelekwa maabara, stafilokoki wakaonekana, na daktari akaandika dawa ya kuua bakteria kwa ajili ya safu ile tu, kwa siku alizozihesabu yeye. Mabomba yalisafishwa, chuchu zikashushwa, chakula kikabadilishwa ili mifupa ipungue, na asidi ya fosforiki ikaongezwa katika uji, ili mkojo upate asidi tena, kwa kipimo kilichotoka kwa watengenezaji wa chakula. Tuliweka visahani chini ya vizimba kila asubuhi, tukachovya vipande vya karatasi ya kupimia asidi katika mkojo. Mwanzoni karatasi ilisoma zaidi ya 7, naye daktari alitaka ikaribie 6, maana namba ikishuka ndipo asidi imeongezeka. Vifo havikukoma siku ileile. Dume ambaye mrija wake umekwisha kuziba, dawa ya kumezeshwa na chakula humfikia akiwa ameacha kula.

Kwa hiyo ushauri wangu, mdogo wangu wa Pohjanmaa na wengine wote, ni huu: bonyeza chuchu. Bonyeza ya mwanzo, bonyeza ya mwisho, bonyeza na ile unayodhani ni nzima kwa kuwa jana ilikuwa nzima. Usiweke alama ya vyema mahali ambapo kidole chako hakijalowa. Ninajua kwamba ninarudia jambo moja, lakini nimekutana na vijana wenye vyeti vizuri kuliko changu wanaotafuta ugonjwa katika vitabu wakati ugonjwa uko kwenye bomba. Pasua mzoga, au mwombe daktari aupasue mbele yako, kwa maana mzoga uliotupwa bila kupasuliwa umekufa bure. Pima mkojo kabla ya Julai, usingoje kifo. Ondoa majani yaliyolowa katika visanduku, na uji uliochacha juu ya waya uukwangue kabla ya kumwaga mwingine. Asidi usiinunue mwenyewe ukaikoroga kwa kukisia, maana kitoto cha minki kikizidishiwa asidi hukataa chakula, hudumaa, na huweza kufa kwa kile ulichokiita dawa. Antibiotiki vilevile si uji wa kugawia shamba zima kwa hofu. Mtu anayemwaga dawa kila akiona kifo anawafundisha bakteria kuizoea, na mwakani atalia.

Wala usichanganye ugonjwa huu na ule wa madume kulowa tumbo wakati wa vuli, ambao hauna mawe na ambao hasara yake kubwa ni ngozi kuharibika. Ukipasua, utajua.

Msimu wa 2018 nilishika safu ileile, kwa ombi langu mwenyewe, na sikumpoteza dume hata mmoja kwa mawe ya kibofu. Mwaka uliofuata mwenye shamba aliweka ufunguo wa kabati la dawa mezani, mbele yangu, akatoka bila kusema neno. Nikawa msimamizi. Sikuombwa radhi, na sikuitafuta, ingawa ninakiri kwamba nilikuwa nikiisubiri. Tarehe 4 Novemba 2020 serikali ya Denmark ilitangaza kwamba minki wote nchini wauawe kwa sababu ya korona, na madume wangu wenye vibofu visafi wakaenda pamoja na mamilioni ya wengine.

Wewe, mdogo wangu, bado unao. Usimwandikie mwenye shamba maelezo kabla hujaingia bandani. Nenda leo jioni baada ya kugawa chakula, wakati ambapo wenye afya wanakimbilia uji, ukamtafute asiyekimbia, mwenye mgongo uliokunjika. Andika namba za vizimba vilivyopata vifo uone kama vimefuatana kwenye bomba moja. Mpigie daktari simu kesho asubuhi, mzoga mpya uwe kwenye baridi, usiugandishe. Akishapasua kibofu, nitumie picha ya kitakachoonekana ndani, na usikipanguse kwanza.